Maji ya Mwezini na Watu Wasio na Kiu

Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, na mtaani kwetu Kimara zamu yetu ikawa ya usiku. Usiku saa ngapi, hakuna aliyejua. Leo saa sita, kesho saa tisa, keshokutwa hayaji kabisa. Kwa hiyo tulikuwa tunakesha. Mama alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa uani ili alisikie bomba likianza kukohoa. Mdogo wangu alijilaza kwenye kochi na nguo zake za kutwa. Majirani wawili ambao bomba lao halina nguvu walikuja na ndoo zao, wakazipanga uani, wakaingia ndani kukaa nasi.

Mtu hawezi kukesha akitazama ukuta. Nikaenda kwa kijana anayeuza muvi pale kituoni, nikampa flashi, nikamwambia aniwekee sizoni yoyote ya Kikorea iliyotafsiriwa, ilimradi isiwe ya mapenzi. Akaniwekea ya watu waliokwenda mwezini kufuata maji. Naapa sikumwambia lolote kuhusu bomba letu.

Sizoni yenyewe ni The Silent Sea, iliyotoka Netflix tarehe 24 Desemba 2021, ina sehemu nane. Kwa Kikorea jina lake ni lile la Bahari ya Utulivu, ule uwanda mweusi wa mwezini ambao Apollo 11 ilitua Julai 1969. Nitaisimulia karibu yote, kwa hiyo ambaye hajaiona na ana mpango nayo aishie hapa, tutaonana siku nyingine.

Dunia imekauka. Mvua hazinyeshi, maji yanatolewa kwa kadi zenye madaraja, na daraja la kadi yako ndilo linaloamua unywe kiasi gani. Mwezini Korea Kusini ina kituo cha utafiti kiitwacho Balhae, kilichofungwa miaka mitano nyuma baada ya watu 117 kufa, kwa mionzi, hivyo ndivyo ilivyotangazwa. Sasa serikali inatuma kikosi kikachukue sampuli fulani huko, kazi ya saa ishirini na nne. Kiongozi wa kikosi ni kapteni Han Yun-jae, amechezwa na Gong Yoo, na binti yake ni mgonjwa anayehitaji kadi ya daraja la juu. Ndani ya kikosi yumo daktari wa sayansi, Song Ji-an, amechezwa na Bae Doona, ambaye dada yake alikuwa mmoja wa wale 117. Chombo chao kinaanguka kabla ya kufika, wanatembea kwa miguu huku hewa ikipungua kwenye mitungi, wanaingia kituoni, wanakuta maiti. Ji-an anaziangalia na kugundua kwamba hawa hawakuuawa na mionzi. Wamekufa maji. Mwezini, ambako hakuna hata kidimbwi.

Hapo sebuleni kwetu mtu akapiga mluzi. Mama akasema, "Haya, hiyo nzuri."

Na ni nzuri kweli. Sijaona fumbo la kuanzia hadithi zuri kama hilo kwa miaka mingi. Tukaikamata kwa mikesha mitatu, sehemu mbilimbili, tatutatu, mpaka tukawa tunamkasirikia Mama akituambia tunyamaze asikilize bomba. Ningeulizwa wakati ule ningesema ni sizoni bora kabisa niliyowahi kuiona kutoka kule. Ningemtaja kapteni, jinsi alivyokuwa anaongea na mwanawe kimoyomoyo kila akibaki peke yake. Ningemtaja yule fundi Ryu Tae-seok, msaliti, aliyekulia kwenye foleni ya maji akiwa na kadi ya daraja la mwisho.

Mwaka uliofuata nikaitazama upya, kwa lugha yao na maandishi chini. Kapteni haongei na mwanawe. Ryu hakukulia kwenye foleni yoyote. Vyote hivyo aliviweka DJ.

Kwa asiyezijua muvi zetu za kutafsiriwa: DJ ni mtu mmoja na maikrofoni. Anapunguza sauti ya muvi, anazungumza juu yake kwa niaba ya kila mtu, kapteni, daktari, mtoto, kompyuta, hata mlango ukijifunga. Hiyo siyo tafsiri ya neno kwa neno, na hakuna anayeitegemea iwe hivyo. Anasimulia anachokiona, anatania, anamtukana adui, anawaonya watazamaji. Huyu wetu kapteni alimbatiza "Baba Kadi" tangu sehemu ya kwanza na hakumwita jina lingine mpaka mwisho. Kila Gong Yoo alipotazama dirishani, na anatazama dirishani mara nyingi, DJ alishusha sauti: "Mwanangu, vumilia, baba anarudi na maji." Mdogo wangu alikuwa anafuta macho kwa kanga ya Mama.

Kwenye ile halisi, Gong Yoo anatazama dirishani. Basi.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, maana lilinitia aibu kidogo. Nilikuwa nimeshawasifia watu kazini uandishi wa Wakorea kwa mistari iliyotungwa na jamaa mmoja aliyejifungia chumbani, pengine Manzese, na feni imezimwa isiingie kwenye maikrofoni. Lakini nikaanza kujiuliza DJ alijuaje pa kuchomeka. Hakuchomeka ovyo. Kila alipoongeza neno, nikirudi kwenye ile halisi nakuta pale pana tundu.

Matundu mengine ni ya sayansi, na haya niyamalize upesi kwa sababu hayakuniuma sana. La kwanza ni bahari. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya dunia, asilimia 97 hivi, yako baharini, na maji hayapotei duniani kama pesa mfukoni. Yakiondoka hapa yamekwenda pale. Mama mdogo wangu yuko Muscat mwaka wa kumi na kitu sasa, na maji anayopikia chai asubuhi yametoka baharini, yakaondolewa chumvi kiwandani, yakaingia kwenye bomba. Hiyo ni leo, si miaka hamsini ijayo. Nchi yenye uwezo wa kujenga kituo mwezini na kulisha watu zaidi ya mia moja huko, imeshindwa na kile Oman inachokifanya kila siku? Tamthilia ingeweza kulijibu hilo kwa sentensi mbili. Haikuzitumia.

La pili ni mvutano. Mwezini uzito wako ni moja ya sita ya ule wa hapa, mfuko wa saruji wa kilo 50 ungeubeba kama begi la shule. Nje ya kituo wanatembea kwa kudundadunda kidogo, ndani wanatembea kama wako Kariakoo. DJ alituwahi: "Msishangae, ndani kuna mashine ya uzito." Sawa, nimekubali. Lakini mwenye mashine ya kutengeneza uzito, kweli bahari imemshinda? Utaona nalirudia la bahari. Limenikaa.

La tatu ni maji yenyewe. Maji ya mwezini kwenye hadithi hii yanafanya kama virusi: yakimgusa kiumbe hai yanaongezeka mwilini mwake, yanaongezeka, mpaka mtu anazama kutokea ndani. Kuna onyesho mmoja wa wanakikosi amelazwa, na ghafla anaanza kutapika maji. Si matapishi, ni maji meupe, kwa nguvu ya bomba lililopasuka, yanagonga dari, yanarudi, anakukurika kitandani na hapati nafasi ya kuvuta pumzi katikati. Limepigwa picha vizuri mno, sitalisahau. Ila mwili wa mtu wa kilo 70 una maji lita 40 na kitu, madumu mawili na kikombe. Yaliyomwagika mle chumbani hayapungui madumu mengi. Yaliyozidi yametoka wapi? DJ alisema tu, "Maji haya yanazaana." Mama, bila kugeuza shingo kutoka mlangoni, akasema, "Basi wangeyafuga."

Tulicheka mpaka jirani mmoja akatoka nje. Lakini tazama vizuri kauli hiyo ya Mama, ndiyo iliyonifanya niandike haya. Yule ni mtu ambaye jioni ile alikuwa ameosha mchele, maji ya mchele akayaweka kando aoshee vyombo, maji ya vyombo akayachuja kwa kitambaa akayapeleka chooni. Yeye akiwa kitandani anajua nani kaamka kuchota kwa jinsi kopo linavyogonga kitako cha pipa. Kopo likigonga kwa sauti kavu anaita jina lako gizani, hakosei. Mtu wa namna hiyo akiona chumba kimejaa maji, hata kama yametoka kwenye maiti, kitu cha kwanza kinachomjia ni hesabu. Anaogopa, ndiyo, lakini hesabu inatangulia.

Sasa wale wanaanga. Wametoka kwenye dunia yenye kiu kuliko Kimara. Maisha yao yote wamepanga foleni, wamehesabu mililita, wameona wenye kadi nzuri wakioga. Maji yanaruka mpaka darini mbele ya macho yao, na hakuna hata mmoja ambaye koo lake linamsaliti. Hakuna anayemeza mate. Hakuna anayeangalia sakafu kwa nusu sekunde zaidi ya inavyostahili, kisha akaona haya. Wanaogopa kama mimi na wewe tungeogopa, watu tuliokunywa maji mchana. Baadaye wanakaa wanajadili kwamba maji haya yanaweza kuiokoa dunia, wanajadili vizuri tu, kama kamati. Kiu imo kwenye maelezo ya mwanzo, imo kwenye kadi na foleni za sehemu ya kwanza. Ikifika mwezini imeachwa kwenye chombo kilichoanguka.

Ndiyo maana nasema la madumu nimelisamehe. Hadithi ya kubuni ina haki ya uongo wake mmoja mkubwa, tena ni mzuri huu, nimeununua bila kuomba punguzo. Ila ukishaniuzia maji yanayozaana, niuzie na mtu mwenye kiu ya kweli, kwa sababu huyo namjua. Mwezini sijafika, siwezi kukukosoa sana. Kiu nimeifikia.

Tundu lingine nitalikalia, maana ndilo linaloibeba hadithi nzima na ndilo bovu kuliko yote. Kikosi hiki hakijaambiwa kinakwenda kuchukua nini. Sampuli, wameambiwa. Za nini? Siri. Wakubwa walioko duniani wanajua kwamba kilichoua watu 117 ndicho hicho hicho wanachotumwa kukibeba, na hawasemi. Kwa faida gani? Mjumbe akifa, mzigo haufiki. Mtu akikutuma ukachukue nyoka kwenye kapu, hata awe mbaya kiasi gani, atakwambia ni nyoka, angalau nyoka wake afike. Siri hii haiwasaidii wakubwa wa kwenye hadithi. Inamsaidia mwandishi, ili mimi na wewe tusijue mpaka sehemu ya nne.

Na ukishawaficha wahusika jambo kwa faida ya mtazamaji, lazima uwafanye wajinga ili wasiligundue. Wanaingia kituoni, maiti zimetapakaa, wanapima mionzi, wanakuta iko sawa, wanavua kofia. Subiri kidogo. Mlikuja mkijua mionzi ndiyo iliyoua. Mmepima, siyo mionzi. Maana yake hamjui kilichoua ni nini. Hapo ndipo kofia inavaliwa mara mbili! Sebuleni walipiga kelele kama mpira unapigwa nje ya goli. Hata DJ alishindwa kupaziba, alicheka tu kwenye maikrofoni: "Haya, Wakorea wanavua, mimi simo." Na pale kwenye siri ya wakubwa alisema kitu kimoja, "Wakubwa ndivyo walivyo," na wote mle ndani wakaitikia kama wako kwenye ibada. Tulikuwa kwenye mgao, kumbuka. Hiyo ilitosha kupaziba. Lakini si Wakorea waliotuziba, ni hasira zetu wenyewe.

Kisha wanaanza kufa, mmoja mmoja, na hakuna anayewakalisha wenzake chini akasema: jamani, kila mtu aseme anachokijua. Ji-an ana lake kuhusu dada yake. Kapteni ana maagizo yake. Ryu ana yake. Wamefungiwa kwenye nyumba moja ambayo nje yake hakuna hewa, wana saa ishirini na nne, na wanatunziana siri kama mawifi. Ukiwaondolea siri hizo tatu kwa mazungumzo ya dakika kumi, hadithi inaisha sehemu ya tatu. Na mtu akiona hadithi haiwezi kuendelea mpaka watu wazima wakatae kuongea, aijue hiyo hadithi ina tatizo la watu kabla ya kuwa na tatizo la kisa.

Kapteni ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu ya Gong Yoo. Yule bwana ana uso unaoweza kubeba chochote ukimpa. Hapa amepewa kitu kimoja: binti mgonjwa. Ni kitu kizuri, lakini hakijaribiwi hata mara moja. Ungetegemea wakati fulani akabiliwe: hapa wenzako, pale kadi ya mwanao, chagua. Ungetegemea afanye jambo baya moja kwa ajili ya mtoto yule, tumchukie kwa dakika tano na tumwelewe humohumo. Hafanyi. Anatoa amri sahihi, anagombana na Ji-an kuhusu kufuata maagizo, anatazama dirishani, na mwishoni anajitoa mhanga ili wengine waokoke. Huku kwetu steringi hafi, kila mtoto anajua. Wakorea wamemuua steringi, ni ujasiri, nawapa heshima yao. Lakini nilipotazama mara ya pili bila DJ, kifo kile kilinipita. Niligundua nilikuwa nimemlilia Baba Kadi. Han Yun-jae nilikuwa simjui.

Msinielewe vibaya kwamba nataka watu waongee ovyo. Ukimya wa Bae Doona ni kitu kingine kabisa, na hapo DJ alituharibia. Yeye alimpa Ji-an maneno kila alipokaa kimya, "Dada yangu, ulikufa kwa nini, dada yangu," mpaka ikachosha. Kwenye ile halisi anazungumza kidogo sana, uso hauchezi, lakini unajua wakati wote anataka nini: anataka kujua dada yake alikuwa mtu gani. Kila mlango anaoufungua unamsogeza karibu na jibu ambalo hatalipenda. Kwa hiyo akinyamaza, wewe unajaza mwenyewe. Kapteni akinyamaza hakuna cha kujaza nacho. Ukimya wa mmoja ni chungu kilichofunikwa, wa mwingine ni chungu kitupu kilichofunikwa, na mfuniko ni uleule. Nilihitaji kuwaona wawili hao mara ya kwanza na DJ, mara ya pili bila, ndipo nikatofautisha.

Ila hata kwa Ji-an mwandishi anakimbia pale pale ambapo alitakiwa asimame. Kituoni kuna mtoto. Binti mdogo aliyeishi peke yake miaka mitano, anakimbia kwenye mifereji ya hewa kama paka, vidonda vyake vinapona mbele ya macho yako, maji yale hayamuui. Jina lake Luna, na nambari yake ni 073. Yaani wametengenezwa watoto, wananakiliwa mmoja baada ya mwingine, wanajaribiwa kwa maji, wanakufa, mpaka wa sabini na tatu akapona. Na mtafiti kiongozi pale kituoni alikuwa dada yake Ji-an. Yule aliyemlea, aliyemlilia, aliyemfuata mpaka mwezini.

Hilo peke yake lilikuwa linatosha sizoni nzima. Unamfanyaje dada wa namna hiyo? Unamkana? Unamtetea kwamba dunia ilikuwa inakufa kwa kiu? Unamwangalia mtoto yule usoni, ukijua ni dada yako aliyemtengeneza na ni dada yako aliyewaua sabini na wawili kabla yake, kisha unamwambia nini? Ji-an anaona miili, anashtuka, machozi yanamtoka, halafu mtu anapiga risasi mahali na tunakimbia. Kila hadithi hii inapokaribia jambo zito, kuna mtu anapiga risasi mahali.

Anayepiga mara nyingi ni Ryu. Lee Joon anamcheza vizuri, kwa ubaridi, lakini sababu za usaliti wake zinatajwa haraka haraka kama matangazo ya mwisho ya redio. Anafanya kazi kwa siri kwa kampuni inayowinda rasilimali za anga za juu, basi, ni mbaya. DJ yeye alimpa utoto: foleni, kadi ya daraja la mwisho, mama aliyemnywesha yeye na kubaki na kiu. Uongo mtupu, hayamo. Lakini sikiliza jinsi yanavyokaa: mtu aliyekulia hivyo angeona sampuli ile na kusema serikali isiipate hii, wataigawa kwa kadi tena. Ghafla adui ana hoja, na kapteni anayetaka kadi ya mwanawe inabidi amjibu. Pale pana mabishano ya wanaume wawili ambayo tamthilia nzima haina. Jamaa wa Manzese aliyaona, kwa sababu anajua atakayemsikiliza atauliza: huyu naye kakosa nini mpaka awauze wenzake? Sisi hatukubali mtu awe mbaya bure. Tutauliza tu.

Nadhani kuna sababu ya wembamba huu. Mwongozaji Choi Hang-yong alianza na filamu fupi, mwaka 2014, wazo hilihili: kituo kilichoachwa mwezini, bahari ya utulivu. Filamu fupi haihitaji mtu mzima wa kumjaza kapteni. Kofia na sauti vinatosha, fumbo linabeba. Ukiichukua ukaifanya sehemu nane, inabidi kitu kiongezwe, na walichoongeza ni korido. Wanatembea kwenye korido, milango inagoma, umeme unazima, wanarudi koridoni. Wageni wamezidi, uji umeongezwa maji. Wangeongeza unga, yaani hao watu, leo nisingekuwa na la kuandika.

Na sitaki nionekane simthamini aliyeitengeneza. Kwa picha, kwa lile giza la kituo, kwa namna mwezi ulivyoonekana una vumbi na ubaridi, nimeona vya Marekani vilivyotumia fedha nyingi vikiwa na haya mbele yake. Kim Sun-young, anayecheza daktari wa kikosi, Hong Ga-young, yeye ndiye mtu pekee niliyemwamini kila dakika. Ana uchovu wa muuguzi wa zamu ya usiku, anamshika mgonjwa kama mtu aliyewashika wengi. Hakuandikiwa mistari mingi zaidi ya wenzake. Sijui alifanyaje. Na wala msingi wa hadithi si wa kichekesho: barafu ya maji mwezini ipo, hasa kwenye mashimo ya ncha za mwezi yasiyofikiwa na jua, Marekani waligongesha roketi huko Oktoba 2009 na maji yakaonekana kwenye vumbi lililoruka. Korea yenyewe ilituma chombo chake, Danuri, kuuzunguka mwezi Agosti 2022, miezi miwili kabla ya mgao wetu. Wana haki ya kuota ndoto hiyo.

Mkesha wa tatu tulifika sehemu ya nane karibu saa nane usiku. Kituo kinajaa maji, milango inapasuka, Baba Kadi anabaki nyuma. DJ alikuwa ameshaanza kulia kwenye maikrofoni, au anajifanya. Maji yanatoka nje ya kituo na kuganda juu ya vumbi la mwezi, na katikati yake anatokea Luna, bila kofia, bila nguo za angani, mahali ambapo mtu wa kawaida angepoteza fahamu kwa sekunde kumi na tano tu. Anasimama. Mdogo wangu akaanza kusema, "Sasa huyu anapumua..."

Bomba likakohoa.

Mama hakusema kitu, alikuwa ameshatoka. Majirani nyuma yake, mdogo wangu akapitia dirishani kuchukua dumu la jikoni, mimi nikagonga meza na flashi ikalegea kwenye televisheni, skrini ikawa nyeusi. Hakuna aliyegeuka. Tulichota mpaka saa kumi na moja, pipa, madumu, masufuria, beseni la kufulia, hata birika. Asubuhi flashi ikagoma kusoma, na kijana wa kituoni alikuwa ameshaifuta ile sizoni kwenye kompyuta yake apate nafasi ya nyingine. Mwisho wenyewe niliuona mwaka uliofuata, kwa Kikorea, muziki unapiga na mtoto anatazama mbali. Mpaka leo sijui DJ alisema nini pale.